Kisima Kinachotembea

Adhuhuri katikati ya jangwa la Chalbi hakuna mengi ya kutazama, na ndiyo maana kidogo kinachojitokeza hutazamwa sana. Ardhi ni bapa na nyeupe kwa chumvi, sakafu ya ziwa lililokauka maelfu ya miaka iliyopita. Mlima Marsabit umebaki nyuma, kusini mashariki, na kwa mbali Milima ya Huri inaelea juu ya mazigazi bila kugusa chini. Hakuna ua, hakuna jani, hakuna kivuli isipokuwa cha ngamia wenyewe. Mtu anafungua chupa, anakunywa, na kabla hajarudisha kifuniko nyuki ametua kwenye mdomo wa chupa. Mmoja tu. Anatembea polepole kuuzunguka ukingo wa plastiki, anainamisha kichwa, anauchovya ulimi kwenye tone lililosalia, anakunywa kwa utulivu wa mwenye nyumba. Ametoka wapi? Chemchemi za Kalacha tuliziacha tangu alfajiri. Anaruka, anaelekea kule kule tulikotoka, na baada ya muda wanakuja wawili, kisha watano, kisha hakuna tena anayeweza kunywa bila kupunga mkono.

Wanaojiandaa kwenda kutembea jangwani kwa miguu huuliza maswali mawili kabla ya mengine yote: nitajikinga vipi na wadudu, na nitakaaje safi pasipo na maji? Huyauliza kama mambo mawili, moja la dawa na jingine la sabuni. Nyuki wa Chalbi amenifundisha kwamba ni jambo moja. Mdudu hamfuati mtu kwa chuki, wala hatumwi na jangwa kumwadhibu mgeni. Anafuata maji. Na katika nchi ambayo msimu wa mvua unaweza kupita bila tone kuanguka, mtu anayetokwa na jasho, anayepumua unyevu, anayelengwalengwa na machozi kila upepo unapompiga usoni, ni kisima kinachotembea. Viumbe wote wenye kiu wana haki ya kukijua kisima kilipo.

Hebu tazama jinsi miili yetu na miili yao ilivyoumbwa kwa njia zinazopingana. Mdudu wa nchi kavu amevikwa nta juu ya gamba lake ili maji yasimtoke. Hata taka za mwili wake huzitoa zikiwa karibu kavu kabisa, asipoteze tone. Katika jangwa la Namib wako mende wanaopanda kilele cha tuta la mchanga alfajiri ukungu unapoingia kutoka baharini, wakasimama wameinamisha kichwa na kuinua sehemu ya nyuma, na ukungu ukagandamana mgongoni mwao ukawa matone, matone yakateremka hadi kinywani. Huo ndio uangalifu wa maji walio nao. Sisi je? Mwanadamu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4, na akitembea juani humwaga lita nzima kwa saa moja ili damu yake isichemke. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliokota kipande kidogo cha fuvu, na kipande hicho kikafungua njia ya kupatikana kwa karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita: mrefu, mwembamba, mwenye umbo la mtu wa kutembea kwenye joto. Wataalamu wengi huamini kwamba ni katika nchi za namna hii, za jua na za mwendo, ndipo mwili wetu ulipoacha manyoya na kujifunza kujipoza kwa maji yake wenyewe. Tuliumbwa tuvuje. Mtungi unaovuja ukipita mbele ya wenye kiu, nani wa kulaumiwa wakiufuata?

Kwa hiyo ustadi wa kwanza wa msafiri wa jangwani ni kuyafunika maji yake, na hapa wenyeji wa majangwa mengi wamekubaliana bila kukutana. Mwarabu wa Oman na kanzu yake, Mgabbra wa Chalbi na shuka lake na kilemba cheupe, Mtuareg wa Sahara na kitambaa kinachoacha macho tu: wote wamejifunga nguo pana, ndefu, nyepesi. Mgeni hudhani joto linataka mwili uachwe wazi, akavaa kaptula na fulana isiyo na mikono, na kufikia saa nane mchana amepata vyote viwili, jua kwenye mabega na nzi kwenye kila mkwaruzo wa mguu. Nguo pana huacha hewa ipite, jasho likauke kabla halijawa mto, na mdudu akutane na kitambaa badala ya ngozi. Rangi ya mchanga au nyeupe hufaa kuliko nyeusi na buluu. Jioni suruali iingizwe ndani ya soksi, kilemba kishuke hadi shingoni. Nguo pia zinaweza kupakwa dawa, na ipo dawa moja ambayo kwetu ina historia. Pamethrini inayonyunyiziwa mashuka, mahema na vyandarua ilitengenezwa na wanakemia kwa kuiga sumu ya asili iliyomo ndani ya ua la pareto, na Kenya kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo mzalishaji mkuu wa pareto duniani. Nalipenda wazo hilo, kwamba ua jeupe la Nyandarua na Molo, la nchi ya ukungu na sweta, ndilo lililofundisha dunia namna ya kumlinda mtu alalaye kwenye mchanga wa Marsabit.

Nguo, hata hivyo, ni nusu tu ya ustadi. Nusu nyingine ni kujua mahali pa kukaa, na jambo hili ni gumu kwa sababu linapingana na kila tamaa ya mwili uliochoka. Mwili unataka kivuli. Umetembea tangu saa kumi na moja alfajiri, na mbele yako kuna mgunga mmoja, mkubwa, umetandaza matawi yake, umezungukwa na utupu wa mchanga pande zote. Unadhani umeuona wewe peke yako? Mbuzi wameuona kabla yako, na ngamia, na punda, na pundamilia usiku, na chini yake samadi imekuwa zulia. Ndani ya mchanga huo wanaishi papasi. Wanalala wamejifukia hata kwa miezi, bila chakula, wakingoja, na pumzi ya mnyama au mtu aliyejilaza juu yao huwaamsha. Hewa chafu tunayoitoa puani ni kwao mlio wa kengele. Watatoka kimya, watakunywa damu kwa muda mfupi, watarudi chini. Kivuli cha jangwani ni nyumba ya wageni iliyojaa tayari. Mtu akae pembezoni mwake, aweke turubai chini, asilale pale, na asilale kabisa ndani ya boma la mifugo lililohamwa hata kama ua wa miiba bado umesimama na unaonekana kumkaribisha.

Hali kadhalika kichuguu. Kwa macho ni kiti kizuri cha jioni, kimeinuka, kina uvuguvugu wa jua la mchana. Lakini mashimo yake ni makazi ya usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wasiolia sikioni, wanaoweza kupenya tundu la chandarua cha kawaida kisichotiwa dawa. Hutoka machweo. Baadhi yao hubeba vimelea vya kala-azar, ugonjwa wa wengu na homa ndefu unaojulikana vyema Turkana, Baringo, Marsabit na Wajir, na ambao usipotibiwa huua. Wapo vijana wachungaji walioupata kwa kukaa tu juu ya vichuguu wakitazama mifugo ikirudi, saa ambayo ni nzuri kuliko zote katika siku ya jangwani. Nalisikitikia hilo. Nchi kali kiasi hiki ingeweza kumwachia mchungaji jioni yake.

Iko rehema, nayo ni upepo. Mtu wa pwani au wa kandokando ya ziwa kubwa anaujua upepo, lakini upepo wa Loiyangalani, unaoteremka kutoka Mlima Kulal, ni mwingine. Hung'oa hema, hujaza chai mchanga, huwafanya watu wazungumze kwa kupiga kelele. Si bure mashine 365 za kuzalisha umeme zimesimikwa katika nchi hiyo hiyo. Msafiri huulaani usiku wa kwanza. Usiku wa pili, akiwa mwenye busara, huomba usikome, kwa kuwa usubi ni warukaji dhaifu na mbu si hodari sana, na pale upepo unapovuma bila kukatizwa hawawezi kukufikia. Ndiyo sababu wenye uzoefu hupiga kambi juu, kwenye mwinuko wa changarawe, wala si ndani ya korongo la mto mkavu ambako mchanga ni laini na kuna ubaridi. Korongo lina wadudu, na lina hatari nyingine kubwa zaidi: mvua iliyonyesha milimani, mbali usikokuona, inaweza kufika usiku ikiwa ukuta wa maji. Mwinuko wa changarawe ni mgumu mgongoni, lakini ni salama. Taa izimwe mapema, maana kila kinachoruka huijia taa na kila kinachotambaa hukifuata kinachoruka. Viatu viinuliwe, visiachwe chini mdomo wazi, na asubuhi vikung'utwe kabla ya mguu kuingia. Nge hapendi kumchoma mtu. Anachopenda ni pango dogo, lenye giza, lenye unyevu kidogo, na kiatu kilichovuliwa na mtu aliyetoka jasho kutwa kina yote matatu.

Unyevu tena. Kila ninapoligeuza jambo hili narudi hapo hapo, na ndipo swali la usafi linapoingia lenyewe mlangoni. Jasho lililokauka, mafuta ya ngozi, makombo ya samaki mkavu kwenye mkono wa shati, matone ya chai yenye sukari kwenye kikombe: hivi ndivyo tunavyotandika mkeka na kuwaalika. Aliye safi hana cha kuwakirimu. Lakini atakuwa safi kwa kitu gani, wakati maji aliyobeba ngamia yamehesabiwa na kila kikombe kina jina la mtu? Nilimwuliza hivyo mzee mmoja wa Kigabbra aliyekuwa akiongoza ngamia wetu, naye hakulijibu swali kama nilivyoliuliza. "Mwanangu," aliniambia, "maji ni ya ndani ya mwili. Nje ya mwili kuna jua, kuna mchanga, kuna moshi. Mungu hakuwaacha watu wa huku bila kitu."

Jua, mchanga, moshi. Nilianza kuyaona baada ya hapo. Sufuria ya ugali ilisuguliwa kwa konzi mbili za mchanga mkavu, ikapanguswa, ikageuzwa juani, na mafuta yakaisha. Blanketi halikufuliwa, lilitandikwa juu ya kichaka saa sita likigeuzwa pande zote mbili, na jua likalikausha mpaka harufu ya mtu ikatoka. Kila asubuhi mzee alikata kijiti cha mswaki, mti ambao Waturkana huuita esekon na ambao hustawi kandokando ya makorongo hata pale miti mingine imeshindwa. Alitafuna ncha hadi ikawa brashi, akayasugua meno yake akitembea, bila maji, bila haraka. Na maji yalipotumika yalitumika kwa mpango: kitambaa kimoja kilicholoweshwa kwa kikombe kimoja, uso kwanza na pembe za macho, kisha shingo, makwapa, mapaja ndani, na mwisho kabisa nyayo na kati ya vidole. Kutoka kilicho safi kwenda kilicho kichafu, kamwe si kinyume chake. Ukifanya hivyo kila jioni kwa siku nyingi mfululizo hutanuka, hutachubuka, na utalala. Sabuni yenye manukato ibaki nyumbani, mdudu hana haja ya kuelekezwa zaidi.

Moshi unastahili neno lake peke yake. Katika nyumba za wafugaji wa kaskazini, vibuyu vya maziwa na vyombo vya kusukwa kwa nyuzi za mizizi havioshwi kwa maji. Hutiwa kijinga cha moto cha mti uliochaguliwa, kikazungushwa ndani mpaka moshi umeingia kila mahali, na maziwa yakimiminwa humo hukaa bila kuharibika upesi na hupata ladha ambayo mtoto aliyelelewa nayo hataisahau mjini. Miti ya ubani na ya jamii ya manemane huota huko Marsabit, Wajir na Isiolo, utomvu wake hukusanywa na wanawake na watoto, na utomvu wa aina mojawapo wafugaji huwapaka mifugo ili kupe wasiwapande. Sudan wanawake hujifukiza mwili mzima kwa moshi wa mti wa mgunga mwekundu. Pwani yetu kuna chetezo, kuna udi, kuna nguo zinazotandazwa juu ya moshi kabla ya harusi, na bibi zetu walijua pia kwamba chumba kilichofukizwa magharibi hakina mbu wengi. Nimezoea kufikiri kwamba udi ni anasa ya watu wenye bahari. Sasa naona kuwa huenda ni kumbukumbu ya jangwa iliyokuja kwa jahazi, ujuzi wa watu waliojifunza kunukia vizuri mahali ambapo kuoga hakuwezekani.

Na dini zilizozaliwa karibu na jangwa ziliyajua haya. Mwislamu asiyepata maji hutayamamu: hupiga viganja juu ya udongo safi, akapangusa uso, akapangusa mikono. Uso na mikono tu. Vumbi haliui vijidudu, wala wanazuoni hawakusema linaua. Lakini ibada ile humzuia mtu asikate tamaa na mwili wake. Aliye mbali na maji hajaachiliwa kuwa mchafu. Bado atasimama, atajikumbuka, atagusa uso wake kwa nia ya kuutakasa, na kwa hiyo atajua kama kuna kitu usoni pake. Imepokewa pia katika mafundisho ya Mtume onyo juu ya kujisaidia katika sehemu tatu: penye maji, njiani, na kwenye kivuli wanapopumzika watu. Ukiyasoma hayo mjini yanaonekana adabu ya kawaida. Ukiyasoma Chalbi unatambua ramani nzima ya jangwa, maana njia, maji na kivuli ndizo sehemu tatu pekee ambako watu watakutana. Torati nayo, katika Kumbukumbu sura ya 23, iliwaagiza Waisraeli wa safarini wawe na mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na chombo cha kuchimbia pamoja na silaha zake, ili afukie kilichomtoka. Chombo cha kuchimbia pamoja na silaha! Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jangwani jembe lingefaa lishikwe na mgeni siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa mahali pa kulala.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu jangwa hutudanganya kwamba ni safi lenyewe. Hakuna tope, hakuna uvundo, upepo umefagia kila kitu, na mtu akienda nyuma ya jiwe huona kilichobaki kimekauka na kudhani kimekwisha. Hakijaisha. Ardhi kavu haina vijidudu vingi vya kuozesha. Karatasi ya chooni iliyoachwa chini ya mgunga inaweza kubaki hapo, ikipeperushwa kutoka mwiba hadi mwiba, muda mrefu baada ya aliyeiacha kusahau jina la mahali. Na kabla kinyesi hakijakauka, saa zile za mwanzo ambapo bado kina unyevu, nzi amefika. Nakuomba msomaji usigeuze uso hapa, kwa kuwa jambo lote limelala hapa.

Yupo nzi mdogo wa kijivu anayependa uso wa mwanadamu, hasa macho na pua. Si nzi mkubwa wa jikoni. Watafiti waliomfuatilia Gambia walithibitisha kwamba huzaliana zaidi katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na kwamba hazaliani ndani ya choo cha shimo. Anatoka hapo, anatafuta maji, na maji yaliyo karibu ni machozi. Mtu mzima humpunga. Mtoto mchanga aliyelala mgongoni mwa mama yake hampungi, na mtoto wa miaka mitatu aliyezoea nzi tangu kuzaliwa huwaacha wakae, sita, saba, kwenye pembe za macho yake bila kupepesa. Nzi huyo hubeba miguuni ugonjwa wa macho uitwao trakoma kutoka jicho hadi jicho. Vidole vichafu na leso moja inayofuta nyuso za watoto wote hukamilisha kazi. Maambukizi hurudi na kurudi kwa miaka, ukope hupata makovu ndani, hujikunja, na kope huanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapofumba na kufumbua. Wanawake huathirika zaidi, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto. Wapo akina mama Turkana na Marsabit wanaobeba kibano kidogo shingoni wang'oe kope zao wenyewe, na kope huota tena, na hatimaye giza huingia. Nzi kufa juu ya kidonda si haramu, walisema wahenga wakimsifu anayekufa juu ya akipendacho. Sijawahi kuisikia methali hiyo kwa utulivu tangu nilipoona nyuso za watoto wa kule.

Basi haiwezekani kuzungumzia nzi wa msafiri kama kero ya msafiri. Anayepita siku chache na mkoba wa mgongoni, dawa ya kupaka na miwani, akilalamika kwamba nzi walimharibia picha ya machweo, amekutana kwa dakika na kitu ambacho wenyeji wanakabiliana nacho maisha yao yote. Na iwapo aliacha kinyesi chake wazi chini ya mti wa njiani, amewaongezea. Hapo ndipo maswali yale mawili ya mwanzo yanapopata jibu ambalo muulizaji hakulitarajia. Wadudu wangu na uchafu wangu ni vya jirani yangu pia, hata jirani ambaye sitamwona, atakayefika kwenye kivuli hicho na mbuzi wake wiki ijayo.

Wenyeji wenyewe wana sheria kali kuhusu maji, na msafiri angefanya vyema kuzitii badala ya kuzipiga picha. Kwenye visima virefu vya Waborana mifugo haitumbukizi midomo kisimani. Watu hupokezana ndoo hadi juu, wakiimba, na maji humiminwa kwenye hori la udongo lililo kando, ili samadi isirudi chini. Yupo anayepanga zamu, nani leo na nani kesho, na neno lake ni la mwisho. Mahali penye utaratibu wa namna hiyo, mtu anayeshuka kwenye chemchemi ya Kalacha na sabuni na kopo la shampuu, akaogea pale pale maji yanapotoka, anawatukana waliomkaribisha hata kama hakufungua kinywa. Achote, aende hatua mia moja au zaidi, aogee huko, mchanga uyanywe.

Trakoma si amri ya jangwa. Mkakati unaotumiwa duniani una nguzo nne: upasuaji wa kope, dawa, kunawa uso, na mazingira safi yenye maji na vyoo. Mbili za mwisho hazihitaji daktari. Kongwa, katika nyanda kavu za Dodoma, watafiti na wanakijiji walihangaika miaka ya 1980 na 1990 na swali la maji haya haya machache, na somo lililotoka huko ni kwamba kikwazo hakikuwa uchache wa maji peke yake, kilikuwa pia imani kwamba kunawa uso kunataka maji mengi. Hayatakiwi mengi. Kibuyu chirizi kilichotundikwa kwenye mti, dumu dogo lenye tundu na kamba ya kukanyagia, hunawisha nyuso za nyumba nzima kwa maji ambayo msafiri mmoja hutumia kusuuza soksi. Na mwaka 2012 Oman, nchi ya mchanga na wadi kavu, nchi ambayo wengi wetu pwani tuna ndugu huko, ikawa ya kwanza duniani kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Jangwa lilibaki jangwa. Mvua haikuongezeka. Kilichobadilika ni vyoo, mabomba, zahanati, na nyuso zilizonawishwa.

Kaskazini mwa Kenya kazi bado ipo, na serikali za kaunti ndizo zenye kuombwa vyoo na maji kwa sauti kubwa, kila bajeti inapopangwa. Lakini wewe unayefunga mkoba kwa ajili ya Chalbi, Suguta au pwani ya Turkana, na ninyi mnaowapeleka wageni huko kwa malipo, lenu halihitaji bajeti. Wekeni jembe dogo ndani ya mzigo kabla ya sabuni. Chimbeni shimo la kina cha shibiri moja, mbali na njia, mbali na maji, mbali na kivuli, mfukie. Karatasi irudi nanyi mjini.